Mwanamke Aliyefungwa Juu ya Ghorofa

Jumatatu, tarehe tisa mwezi wa pili. Mvua imeanza kabla jogoo hajawika na mpaka saa hizi za mchana bado inadondoka. Si kubwa, ni ile ya kulowesha kuni tu. Nimerudi jana kutoka Majimoto, tulikokwenda kumzika Zebedayo. Nguo za msibani nimezianika ndani, zinanuka moshi wa majiko ya nje, na barabara ya mbele ya nyumba yangu hapa Mpanda imekuwa tope kiasi kwamba hakuna mteja atakayeleta kitambaa leo. Cherehani nimeifunika. Mimi niliishia darasa la saba, na zaidi ya haya ninayoandika kila jioni kujikumbusha siku ilivyokwenda, sijawahi kuandika kitu kirefu, kwa hiyo atakayesoma anivumilie. Kwa wengi waliokuja kuzika, Zebedayo alikuwa mzee wa duka la mbolea, mpole, mwenye kikohozi. Kwangu alikuwa mtafsiri wa video, na mwaka mmoja niliofanya kazi kwenye banda lake ndio ulionifanya niwe mtu wa kusema. Au ndivyo ninavyodhani. Mtu anaweza kujidanganya kuhusu kilichomfanya awe alivyo.

Banda lenyewe lilikuwa nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga. Kuta za matofali mabichi, bati juu, madirisha yamezibwa kwa magunia meusi ili mwanga usiingie. Mbele ilikaa televisheni moja juu ya meza, chini yake deki ya kuchezea kanda, na nje jenereta iliyonguruma mpaka meno yakawa yanawasha. Ukiingia kutoka kwenye jua la Majimoto ulikuwa huoni kitu, unanusa tu: pumba za mpunga, jasho, mafuta ya jenereta, na chai yangu ya tangawizi. Ndiyo, mimi nilianza kwa kuuza chai. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka Usevya, nakaa kwenye chumba cha uani kwake Zebedayo na mkewe, na mkataba wetu wa mdomo ulikuwa kwamba nipike chai, nifagie banda, na nikae mlangoni. Wanawake walikuwa hawaingii. Hakuna aliyewakataza, lakini hakuna aliyeingia, na kijijini hayo mawili yana nguvu sawa.

Kanda zilitoka Tabora kwa treni mpaka Mpanda, na kutoka Mpanda kwa lori la mchele. Nyingi zilikuwa za Kizungu, na zilizopendwa kuliko zote zilikuwa za wale watu wenye nguvu wanaotoka kwenye vitabu vya katuni: wanaopaa, wanaopenya ukuta, wanaonyanyua magari. Zebedayo alipunguza sauti ya televisheni, akashika kipaza sauti, akawasemea wote. Ndivyo kazi ya mtafsiri ilivyokuwa, na sehemu nyingi nasikia bado ipo. Hakuwa anafuata neno kwa neno. Aliwapa watu wa kwenye kanda majina ya kwetu, akawapeleka Kibaoni na Mpanda Hoteli, akawafanya wagombanie majaruba ya mpunga. Shujaa mkuu, yule mwenye joho linalopepea, alimwita Mbawa, akampa sauti nzito ya tumboni. Wanawake aliwasemea kwa kubana pua, na wote aliwaita jina moja, Shida. “Shida huyu hapa tena,” anasema, na banda zima linacheka. “Shida amejileta mwenyewe. Mbawa alikuwa amekaa zake na amani.”

Nisimwonee marehemu. Wanawake wa kanda za wakati ule kwa kweli walikuwa na kazi hiyo hiyo moja. Walitekwa. Kanda ikifika katikati, mwanamke anafungwa kamba, au mnyororo, juu ya kitu kirefu au karibu na kitu cha moto, na anapiga kelele mpaka Mbawa aje. Kulikuwa na mmoja tu ambaye alipigana, tena vizuri, lakini nguo yake ilikuwa imebana kiasi kwamba Zebedayo alisimama mbele ya televisheni na kanga ya mkewe, akaifunika mpaka sehemu ile ipite, na watu wakamzomea. Hata vitabu vyenyewe vya katuni vilikuwa hivyo. Zebedayo alikuwa navyo vichache, vimekuja vimefungiwa pamoja na kanda, na mchana nikimaliza kufagia nilikaa navyo mlangoni. Kiingereza sikujua. Lakini yale maneno yao yanaandikwa ndani ya viputo vinavyotoka mdomoni, na viputo nilikuwa naviona. Vya wanaume vilijaa maandishi mpaka pembeni. Vya mwanamke vilikuwa vidogo, vina neno moja, na alama ile ya kuonyesha amepaza sauti. Nikawa navijaza mwenyewe kichwani. Ulikuwa mchezo tu wa kupitisha joto.

Kipaza sauti nilikishika kwa sababu ya koo la Zebedayo. Ilikuwa wakati mpunga umepandwa, watu hawana kazi nyingi jioni, banda linajaa. Kubana pua kulimchosha, sauti ikakatika katikati ya kanda, na mwanamke wa kwenye kanda akabaki anafumbua mdomo bila kitu. Wanaume wakaanza kupiga mabenchi. Zebedayo akanigeukia pale mlangoni na birika langu, akanisukumia kipaza sauti kifuani. “Binti, sema chochote,” akanong’ona. “Sema chochote, nyie wanawake si ndiyo kazi yenu.” Nikasema. Sikumbuki nilisema nini siku hiyo. Nakumbuka kwamba mabenchi yalinyamaza. Kuanzia hapo tukagawana, yeye wanaume, mimi wanawake. Jina la Shida nililiacha. Yule mwanamke wa kanda ya Mbawa, iliyokuwa inaombwa kila juma, nikampa jina la Wande, kwa sababu nilipenda linavyosikika. Wande ni jina la Wasukuma, na mimi ni Mpimbwe. Hilo nilipaswa kulifikiria na sikulifikiria.

Wanawake wakaanza kuja. Kwanza walisimama nje ya ukuta, upande wa magunia ya pumba, wanasikiliza. Halafu mmoja akaingia, akakaa benchi la nyuma kabisa na mwanawe Ngw’ashi mgongoni. Huyo alikuwa Kabula. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung’aa, mwenye kicheko cha kukohoa, mke wa Masanja, mfugaji aliyekuja huku kwetu na ng’ombe wake kutoka kaskazini na baadaye akalima mpunga kuliko wenyeji. Masanja naye alikuwa mteja wetu, benchi la mbele, hakukosa. Aliheshimika. Sungusungu, walinzi wa kijiji, walimsikiliza, na alikuwa hapigi kelele wala halewi. Kabula alininunulia chai, akaniambia, “Mdogo wangu, huyo Wande wako anaongea kama amekulia kisimani.” Niliichukua kama sifa. Baada ya juma moja, benchi la nyuma likawa limejaa.

Sasa nifike kwenye maneno yenyewe. Katika kanda ile, Wande anafungwa juu ya ghorofa refu. Adui, mtu mwenye uso uliochorwa, anamzungusha kamba mikononi na miguuni, anatembea mbele yake huku anajisifu kwa muda mrefu sana. Siku moja, sijui yalitoka wapi, nikamsemea Wande kwa sauti ya chini tu: “Umenifunga mikono. Mdomo umeusahau.” Benchi la nyuma lilipiga kigelegele. Wanaume nao walicheka, nisiseme uongo, hata Masanja alicheka. Nikayarudia kila kanda ile ilipochezwa, kwa sababu watu waliyangoja. Yakatoka nje ya banda. Ukienda bombani unayasikia, ukienda mashineni unayasikia. Mtoto akikatazwa kwenda kuogelea kwenye chemchemi ya maji ya moto anamwambia mama yake mdomo umeusahau. Nilijiona mtu mkubwa, na kwa kusema haki, ule ndio mwezi niliokuwa na furaha kuliko yote ya ujana wangu.

Halafu Kabula akayasema nyumbani kwake. Masanja alikuwa na wageni, wazee wa ukoo wake waliotoka mbali, wamekaa uwanjani wanaongea habari ya kuhamisha ng’ombe kwenda upande wa Litapunga, na familia na watoto wahamie huko kabla ya mavuno. Kabula alikuwa anawawekea maji ya kunawa. Alisema yeye ana mpunga shambani ambao bado haujavunwa. Masanja akamwambia hapo si mahali pake pa kusemea. Kabula akamwaga maji yaliyobaki, taratibu, akasema yale maneno. Mikono, mdomo. Mgeni mmoja, mzee kabisa, akacheka. Nadhani kicheko kile ndicho kilichoharibu.

Kesho yake Masanja alikuja bandani mchana, jua kali, jenereta imezimwa. Alivua kofia. Alikaa kwenye benchi lake la siku zote, akamwambia Zebedayo maneno ambayo nilikuwa nayasikia kutoka jikoni kwa sababu kati yetu kulikuwa na gunia tu.

“Nina swali moja, Zebe. Yule mwanamke, yale maneno anayasema kweli, au binti yako anayatunga?”

“Ngosha,” Zebedayo alimjibu, kwa jina wanaloitana wanaume wa Kisukuma, “tafsiri ni tafsiri.”

“Sikuuliza hivyo. Kama Mzungu ndiye kasema, basi, Mzungu hanijui mimi, wala hajui nyumba yangu. Nitanyamaza. Lakini kama ni binti huyu, kampa jina la kwetu, kamweka maneno mdomoni, halafu mke wangu anakaa pale nyuma kila siku, basi binti amenitukana mbele ya wazee wangu. Na hapo banda hili tutalizungumza.”

“Tutalizungumza vipi?”

“Litafungwa. Au yeye atatoka. Mtachagua nyie.”

Nilisimama na birika mkononi. Huo ndio ubaya wa jambo hili, na nimelifikiria miaka mingi: Masanja aliuliza swali la haki. Hakuja na fimbo, hakuja na watu. Alitaka kujua kilichosemwa. Na mimi nilikuwa najua jibu, kwa sababu siku zote nilikaa karibu na televisheni kuliko mtu yeyote na sauti yake ndogo nilikuwa naisikia. Wande hasemi kitu pale. Anapiga kelele. Kelele tu, na mwishoni jina la mwanaume.

Walikubaliana aitwe Mwalimu Benedikto wa shule ya msingi, aliyejua Kiingereza, asikilize kanda bila mtafsiri, aseme kilichomo. Siku ikawa Alhamisi, mchana. Usiku wa kuamkia siku hiyo sikula, na Zebedayo pia hakula, na mimi nikadhani ananionea huruma. Asubuhi aliniita nyuma ya banda. Macho yalikuwa mekundu. “Binti, omba radhi kabla hawajaiwasha. Sema umetunga, umekosa. Utarudi kwenye chai, mambo yatapoa.” Nikamwambia, “Kaka, wewe si unajua Kiingereza? Si ungewaambia wewe kilichomo?” Alifuta mikono kwenye suruali, mara mbili, mara tatu, na ndipo nilipoanza kuelewa, lakini nilikuwa bado sijaelewa sawasawa.

Bandani walikuwa Masanja, wazee wachache wa sungusungu, Mwalimu, Zebedayo, na mimi. Kabula alikuja mwenyewe bila kuitwa, akakaa benchi la nyuma, peke yake. Hakuna aliyemwambia atoke. Masanja hakugeuka. Walifungua magunia ya dirisha kidogo ili Mwalimu aone, kwa hiyo picha ilikuwa hafifu, na kwa mara ya kwanza tangu banda lile lijengwe sauti ya televisheni ilifunguliwa mpaka mwisho. Ilikuwa ajabu. Muziki, upepo, viatu. Adui akaongea, akaongea, sauti yake nyembamba kabisa, si ya kutisha kama ile ya Zebedayo. Kisha zamu ya Wande. Alifumbua mdomo akalia. Akalia tena. Mwalimu alikuwa mtu mwaminifu. Aliomba irudishwe nyuma, akasikiliza tena huku ameinamisha kichwa, halafu akavua miwani.

“Hasemi neno,” alisema. “Anapiga kelele, halafu anamwita huyo bwana jina. Basi.”

“Hakuna mikono? Hakuna mdomo?” Masanja aliuliza.

“Hakuna.”

Wazee wakanung’unika. Masanja alipumua kama mtu aliyetua mzigo, na niliona kwamba hakuwa anafurahia kunishinda. Alikuwa anafurahia kwamba hakuwa amekosea. Ningeweza kusimama nikasema kitu. Nilitazama sakafu niliyoifagia mwenyewe, nikawa nahesabu nguo nilizonazo, nitakazobeba kurudi Usevya. Na pengine ingeishia hapo, kama Masanja asingekuwa mtu wa kupenda kanda ile kutoka moyoni.

“Mwalimu, kwa kuwa umeshafika,” alisema, na sauti yake ilikuwa imelainika, “usikie na upande wa pili. Zebe, peleka mbele pale Mbawa amesimama juu ya paa, kabla ya vita. Mwalimu asikie mwanaume anavyoongea.”

Watu wote wa Majimoto walijua pale. Mbawa anasimama pembeni ya paa, upepo unapeperusha joho, mji uko chini, anaongea polepole kwenye kidude kilicho mkononi mwake. Na Zebedayo, kwa sauti ya tumboni, alikuwa anasema: “Mlinzi wa zizi hasinzii kwa sababu simba amenyamaza.” Masanja aliyachukua maneno yale akayafanya yake. Aliyasema kwenye mikutano ya sungusungu, aliyasema kwenye harusi. Kwetu sisi tunaokaa karibu na hifadhi, ambako simba hunyamaza kweli na kesho yake ng’ombe hayupo, yalikuwa maneno yenye uzito.

“Ngosha, mafuta ya jenereta yanakwisha,” Zebedayo alisema.

“Nitanunua mengine.”

“Kanda imechoka kurudishwa.”

“Weka, Zebe.”

Akaweka. Kitufe alikikosa mara ya kwanza. Mbawa alisimama juu ya paa, joho likapepea, akainua mkono, akaongea. Maneno machache. Mwalimu alisikiliza, akatutazama mmoja mmoja kama mtu anayetafuta mlango.

“Sema tu, Mwalimu,” alisema Masanja, anatabasamu tayari.

“Anasema atachelewa.”

“Atachelewa nini?”

“Kurudi. Anasema, nitachelewa, msinisubiri kula.”

Jenereta ilisikika vizuri sana pale. Nilimtazama Zebedayo, naye alikuwa ameshika kile kipaza sauti kisichowashwa kwa mikono miwili, kama mtu aliyeshika kuku. Hapo ndipo nilipoelewa sawasawa. Hakujua Kiingereza. Miaka yote ile hakujua hata neno, alikuwa anatazama midomo na kutunga, kama mimi na viputo vyangu. Sikufurahi. Naandika hili kwa sababu mtu anaweza kufikiri nilifurahi. Nilimwonea huruma, na nilimwonea huruma Masanja zaidi, kwa sababu uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa baba yake si baba yake.

Mzee mmoja alikohoa. Kisha Masanja akasema, bila kumtazama yeyote: “Basi wote wawili wametunga. Siwezi kumfukuza mmoja nikamwacha mwingine. Jumamosi Mwalimu atafsiri, aseme kilichomo, mwanaume kwa mwanamke. Nyie wawili mkae kando. Tuone kanda yenyewe ilivyo.” Akavaa kofia akatoka. Ulikuwa uamuzi wa haki. Bado nauona hivyo.

Siku zile mbili za kungoja ndizo zilizokuwa mbaya. Mke wa Zebedayo alipika maharage yasiyo na chumvi na hakuna aliyeyasemea. Zebedayo alikaa uani anasafisha deki ambayo haikuwa chafu. Nilijua kwamba ikiwa watu wataipenda kanda ya Mwalimu, kiti changu kimekwisha, na cha Zebedayo kimekwisha, na kwamba benchi la nyuma litaondolewa polepole bila mtu kutamka. Jioni ya Ijumaa nikamuuliza, “Kaka, kwa nini uliwaita wote Shida?” Akafikiri. Akasema, “Nilikuwa naona wanalia tu. Sikujua kingine cha kuwafanyia.”

Jumamosi banda lilijaa mpaka watu wakakaa juu ya magunia ya pumba. Nilisimama mlangoni na chai ambayo hakuna aliyenunua. Mwalimu alikaa na kipaza sauti, mgongo umenyooka, akatafsiri kilichomo kwa Kiswahili kizuri cha darasani. “Je, umeona taarifa ya leo? Ndiyo, nimeiona. Tafadhali, funga mlango.” Mwanzoni watu walikuwa na adabu. Kisha minong’ono. Mtu wa mbele akasema, “Mwalimu, huyu jamaa hana la maana, anaongea kama karani.” Mbawa alipofika juu ya paa na kusema asisubiriwe kula, hakuna hata aliyecheka, maana habari ilishaenea. Masanja alikuwa benchi la mbele, mikono juu ya magoti.

Ikafika ghorofa. Adui akafunga kamba. Mwalimu akatafsiri majivuno yake yote, marefu, kuhusu mitambo na mji. Kisha picha ikamgeukia Wande, uso mzima, akafumbua mdomo, na Mwalimu akanyamaza, kwa kuwa hakukuwa na cha kutafsiri. Sauti ya televisheni ilikuwa ndogo, kelele zake zilisikika kama mbu. Nilikuwa nimewahi kuitazama sehemu ile mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na sikuwa nimewahi kuuona uso ule, kwa sababu nilikuwa nimeujaza maneno. Ulikuwa uso wa mtu anayeogopa, ambaye aliyetengeneza kanda hakumpa hata sentensi moja. Watu mia na zaidi labda, sijui, banda zima, wanamtazama mwanamke anayefungua na kufunga mdomo.

Benchi la nyuma, Kabula akasema. Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayejibu salamu: “Umenifunga mikono. Mdomo umeusahau.”

Hakuna kigelegele. Hakuna aliyecheka. Vichwa vyote viligeuka, si kwa Kabula, bali kwa Masanja. Sungusungu wawili waliokuwa ukutani walisimama wima. Niliweka birika chini kwa sababu kifuniko kilikuwa kinagonga. Masanja hakugeuka nyuma. Nilikuwa naona shingo yake tu, na mwanga wa televisheni unapita juu ya kofia. Mwalimu alikuwa ameshika kipaza sauti, hajui afanye nini, picha zinaendelea bila maneno.

“Endelea, Mwalimu,” Masanja alisema mwishoni. “Huyo amekwisha sema.”

Juma lililofuata Mwalimu alisema ana madaftari ya kusahihisha. Zebedayo akaniita, akanipa kipaza sauti, na yeye akachukua chake cha pili alichokikopa mashineni. Hakuna aliyetangaza lolote. Masanja hakuja tena bandani, na hilo naliandika kwa sababu ni kweli na kwa sababu liliniuma. Ng’ombe walikwenda Litapunga na vijana. Kabula alibaki akavuna mpunga wake. Mimi nilikaa mpaka mavuno yakaisha, nikaja Mpanda kujifunza kushona, na banda nalo lilikufa lenyewe umeme na simu vilipofika.

Mjukuu wangu Neema ana miaka kumi na moja na anatazama filamu hizo hizo za katuni kwenye televisheni yangu, zinazotengenezwa sasa. Mimi nashona, natazama kwa jicho moja. Zimebadilika, nakiri. Kwa muda walikuwa wanaweka wanaume wengi na mwanamke mmoja katikati, ambaye anapigana, lakini kamera inamtazama kiuno kabla ya uso. Halafu wakaja wenye filamu zao wenyewe, jina la mwanamke ndilo jina la filamu, nguo za chuma za kujikinga, viatu vya kukimbilia. Juzi nimemwona mmoja mweusi kama sisi, kasuka nywele, anaamuru jeshi, na mwingine ana mvi na bado anapaa. Wanaongea. Wanaongea sana, mpaka mimi nachoka. Nilimwambia Neema kwamba zamani walikuwa wanafungwa kamba tu, akanitazama kama namwambia zamani watu walikuwa na mkia. Lakini mtoto yule ana macho. Wiki iliyopita aliniuliza, “Bibi, huyu mbona anaongea na wanaume tu? Hana hata rafiki wa kike mmoja?” Nikasimamisha cherehani. Sikuwa nimeliona. Sina hakika kama wametoka mbali au wamebadilisha kamba. Wenye elimu ndio waseme. Najua tu kwamba mahali pale pa ukimya, panapoachwa wazi, mtu atapajaza, na inategemea nani kakaa benchi gani.

Msibani nilimkuta Kabula. Amenenepa, goti moja linamsumbua, amefiwa na Masanja miaka sita sasa. Tulikaa pamoja tukimenya ndizi za kupikia waombolezaji, na wasichana walikuwa wanatazama kitu kwenye simu huku wanachambua mchele. Nilikuwa nimebeba swali langu miaka hii yote na niliona aibu kulitoa. Nikalitoa. Nikamuuliza siku ile ya Jumamosi, walipotoka pale bandani, nyumbani ilikuwaje.

“Hatukuongea njia nzima,” Kabula alisema, hakuacha kumenya. “Yeye mbele, mimi nyuma, mtoto mgongoni. Nikajua leo ndiyo leo. Tumefika, akakaa kwenye kigoda chake. Akasema, nipe maji. Nikampa. Akayashika tu. Akasema, mama Ngw’ashi, ungeniambia mimi peke yangu ningesikia.”

“Ukamjibuje?”

“Nikamwambia, nilikuambia.”

Nilingoja. Wasichana walikuwa wanacheka kitu chao. Kabula alitupa ganda, akachukua ndizi nyingine.

“Akafikiri, weee, akafikiri mpaka maji yakapata joto mkononi,” alisema. “Halafu akayanywa.”

Mvua ilikatika alasiri, Neema akawasha jiko. Jioni tumekula ugali, dagaa wa Karema waliokaangwa na nyanya, na mchicha uliobaki wa jana.